Jukwaa Lisilo Tupu: Uhakiki wa Ukarabati wa Ukumbi wa Ryman wa Nashville na Maswali Yake kwa Kumbi za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanahakiki ukarabati wa Ukumbi wa Ryman, jengo la mwaka 1892 lililo katikati ya jiji la Nashville, Tennessee, ambalo liliachwa mwaka 1974 na kufunguliwa tena mwaka 1994 kuwa ukumbi wa muziki wa jukwaani. Yanatumia mtazamo wa fasihi simulizi unaokichukulia kila kitendo cha sanaa kuwa tukio lenye fanani, hadhira, mahali na wakati wake. Yanadai kwamba kilichookolewa Nashville ni uhusiano wa sauti na watu waliokaa pamoja, na kwamba uhusiano huohuo umerejeshwa kwa kuchagua. Dai hilo linapimwa kwa kulinganishwa na Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza wa Kenya, uliokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2015.

Mahali katika uhakiki wa utendaji

Wanafunzi wa fasihi simulizi wa vyuo vyetu wanaifahamu vyema hoja ya M. M. Mulokozi kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamanishwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Katika tasnifu nyingi, hata hivyo, mambo haya hayapewi uzito sawa. Fanani huchambuliwa kwa kurasa kadhaa, hadhira hupewa sehemu yake, lakini mahali hutajwa katika sentensi moja ya utangulizi: ngoma ilichezwa uwanjani, taarabu iliimbwa ukumbini, basi. Mhakiki hupita mlangoni bila kuutazama mlango.

Ngũgĩ wa Thiong'o ameipinga tabia hiyo kwa nguvu. Katika insha yake juu ya siasa za nafasi ya utendaji, iliyoingia pia katika kitabu chake cha mwaka 1998, *Penpoints, Gunpoints, and Dreams*, anajibizana na Peter Brook, mwongozaji wa Kiingereza aliyelipa jukwaa sifa ya kuwa nafasi tupu. Kwa Ngũgĩ hakuna jukwaa tupu. Kila jukwaa limezungukwa na nafasi nyingine, kama vile kituo cha polisi, hoteli, chuo na barabara, na kila jukwaa limebeba yaliyotendwa na yaliyokatazwa kutendwa juu yake.

Neno la Kiswahili lenyewe linasaidia hapa. Kabla ya kuwa jina la jengo la mikutano na maonyesho, *ukumbi* lilikuwa sehemu ya nyumba: pale mbele, baada ya kuvuka kizingiti, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kujulikana kama ataingia ndani zaidi au atazungumzia hapohapo na kurudi. Maana hiyo ya zamani inafaa irejeshwe kazini, kwa sababu inauliza swali ambalo istilahi za usanifu majengo haziliulizi: nani anapokewa? Ukumbi unapokarabatiwa, wahandisi hupima nyufa na unyevu. Mhakiki wa utendaji anapaswa kupima mapokezi.

Nyumba ya mahubiri iliyogeuka nyumba ya muziki

Ryman haukujengwa kwa ajili ya muziki wa starehe. Thomas G. Ryman alikuwa nahodha na mmiliki wa meli za mtoni. Inasimuliwa kwamba mwaka 1885 alikwenda kwenye hema la mhubiri Sam Jones akiwa na nia ya kufanya fujo, akatoka ameokoka. Fedha na bidii yake ndivyo vilivyosimamisha jengo la matofali lililokamilika mwaka 1892 kwa jina la Union Gospel Tabernacle, yaani nyumba ya injili ya madhehebu yote. Ryman alipofariki mwaka 1904, Jones alipendekeza mazikoni jengo liitwe kwa jina lake.

Asili hiyo ya mahubiri ndiyo ufunguo wa kila kilichofuata. Jengo lilitakiwa kubeba sauti ya mtu mmoja asiye na kipaza sauti hadi kwa maelfu ya watu. Kwa hiyo lina roshani ya mbao iliyopinda kama kiatu cha farasi, mabenchi ya mbao yaliyojipinda kuizunguka mimbari, na umbali mfupi kati ya msemaji na msikilizaji wa mwisho. Mbao hizo hazikuwekwa kwa ajili ya gitaa, fidla wala banjo, lakini zilivipokea vyombo hivyo kana kwamba vilikuwa vikingojewa. Wanamuziki wengi wa Marekani huutaja Ryman miongoni mwa kumbi zenye sauti nzuri kuliko zote nchini mwao.

Mabadiliko ya matumizi hayakutokea kwa siku moja. Mwaka 1901 lilijengwa jukwaa ili kuipokea kampuni ya opera ya Metropolitan ya New York. Miaka iliyofuata walipita hapo Enrico Caruso na Marian Anderson; Helen Keller alihutubia mwaka 1913. Nyuma ya ratiba hiyo kulikuwa na mwanamke mmoja, Lula Naff, aliyeanza kama karani na kuishia kuwa meneja aliyeliendesha jengo kwa miongo kadhaa bila ruzuku ya kutegemewa. Historia za ukumbi huu hupenda kuanza na nahodha aliyeokoka. Pengine zingepaswa kumpa Naff nafasi kubwa zaidi, maana bila mtu wa kupanga ratiba na kulipa bili jengo la nahodha lingekuwa ghala.

Tarehe 5 Juni 1943 kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilihamia humo. Kilikuwa kimeanza mwaka 1925 katika kituo cha WSM na kilikuwa kimeshahamahama kumbi kadhaa. Kwa miaka 31 iliyofuata, kila Jumamosi usiku, muziki wa kantri ulirushwa kutoka Ryman. Desemba 1945 Bill Monroe alipanda jukwaani na kundi lake likiwa na kijana mpiga banjo, Earl Scruggs, na wanahistoria wengi huuhesabu usiku huo kuwa mwanzo wa mtindo wa blugrasi. Juni 1949 Hank Williams aliimba hapo kwa mara ya kwanza, na hadhira ikamwita arudi tena na tena.

Mazingira yenyewe yalikuwa ya taabu. Hapakuwa na vyumba vya kutosha vya wasanii kubadilishia nguo. Waliosubiri zamu walisimama kwenye kichochoro cha nyuma au wakavuka kuingia baa ya Tootsie's Orchid Lounge, ambayo kwa njia hiyo iligeuka kuwa chumba cha pili cha nyuma ya jukwaa. Hapakuwa na kiyoyozi. Katika joto la Tennessee watu walijipepea kwa vipepeo vya karatasi huku wamebanana bega kwa bega. Taabu hiyo ilikuwa sehemu ya tukio, na hapa istilahi ya hadhira inahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Hadhira ya viti vyenye mikono ni mkusanyiko wa watu mmojammoja, kila mtu na mipaka yake. Hadhira ya benchi haina mipaka hiyo: mmoja akitikisika, wote wanatikisika. Aliyewahi kukaa benchini kanisani, au kwenye viambaza vya mabao wakati wa ngoma za harusi, hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Duara la ubao

Mwaka 1963 kampuni iliyomiliki kituo cha redio ililinunua jengo. Miaka kumi baadaye ilikuwa tayari kuliacha. Sababu zilizotolewa zilieleweka: joto, uchakavu, uhaba wa maegesho, na mitaa ya katikati ya jiji iliyokuwa imeharibika na kujaa biashara ambazo familia hazikutaka kupita mbele yake. Opry ilijengewa ukumbi mpya mkubwa nje ya katikati ya jiji, kando ya bustani ya burudani. Onyesho la mwisho la Opry la enzi hiyo Ryman lilifanyika tarehe 15 Machi 1974.

Mambo mawili yaliyotokea wakati huo yanastahili kuwekwa pamoja, ingawa kwa kawaida husimuliwa mbalimbali. La kwanza ni kwamba kutoka katika jukwaa la zamani ulikatwa ubao wa umbo la duara, wenye upana wa kama meta 1.8, ukawekwa katikati ya jukwaa jipya ili kila mwimbaji asimame juu yake. La pili ni kwamba wenye jengo walipendekeza kulibomoa, na matofali yake yatumike kujengea kanisa dogo ndani ya bustani ya burudani. Ada Louise Huxtable, mhakiki wa usanifu majengo wa *The New York Times*, aliushambulia mpango huo waziwazi, na wapenzi wa majengo ya kihistoria wakapaza sauti pamoja naye. Jengo likaponea chupuchupu.

Mapendekezo hayo mawili yanatoka katika wazo moja: kwamba kumbukumbu ya utendaji hukaa ndani ya malighafi, na kwa hiyo inaweza kukatwa kipande na kusafirishwa. Kwa duara, wazo hilo limepokelewa kwa heshima kubwa. Waimbaji vijana hukiri kutetemeka wanapolikanyaga. Kwa kanisa dogo, wazo lilelile lilionekana kuwa kufuru. Tofauti yao iko wapi? Duara liliendelea kukanyagwa na waimbaji mbele ya hadhira. Lilibaki ndani ya tukio. Matofali yangewekwa ukutani yatazamwe. Anayesoma mambo haya kwa jicho la fasihi simulizi ataona kwamba mbao hazikumbuki chochote zenyewe. Watu ndio hukumbuka wanaporudia kitendo juu yake. Tambiko huwa hai kwa sababu hiyohiyo, na ndiyo sababu mti wa mzimu ambao hakuna anayeuendea hubaki mti tu.

Hata hivyo duara lina udhaifu wake. Lilimpa mwimbaji ardhi ya zamani, likaiacha hadhira ya zamani nyuma. Benchi, roshani, kichochoro na mlango unaotazama mtaa, vyote vilibaki katikati ya jiji, vimefungwa. Fanani alihamishwa na kipande cha mahali pake. Msikilizaji hakuhamishiwa chochote.

Wimbo kabla ya matofali

Kwa takribani miaka 20 Ryman lilikuwa jengo la kutembelewa na watalii mchana. Nje lilianza kufanyiwa matengenezo mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilichobadilisha mambo, kwa mujibu wa wengi walioandika juu yake, ni mfululizo wa maonyesho ya mwaka 1991 ya Emmylou Harris akiwa na kundi la vyombo visivyo vya umeme, The Nash Ramblers. Kwa sababu za usalama waliruhusiwa watu wapatao 200 tu kila usiku katika jengo linalobeba zaidi ya 2,000, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa juu ya roshani wala chini yake. Sauti zilirekodiwa na santuri ikatoka mwaka 1992 kwa jina *At the Ryman*.

Santuri hiyo inastahili kuhakikiwa kama hati ya ukarabati. Kwa kawaida ukumbi hukarabatiwa, kisha huzinduliwa kwa muziki. Hapa muziki ulitangulia. Harris hakuleta ushahidi wa mhandisi kwamba kuta zinafaa. Alileta ushahidi wa sikio. Alichagua nyimbo za Bill Monroe na za mapokeo bega kwa bega na nyimbo za watunzi wa kizazi chake, na Monroe mwenyewe, mzee wa miaka 79, alikuja jukwaani akacheza naye. Ndani ya jengo lililokuwa karibu tupu, msikilizaji anasikia chumba chenyewe kikijibu. Uamuzi wa kutumia vyombo visivyo vya umeme ulikuwa wa kihakiki kuliko wa kimapenzi: ulithibitisha kwamba mbao za mahubiri zilikuwa bado zinafanya kazi waliyozikusudia wajenzi wa 1892.

Ukarabati mkubwa ulifuata mwaka 1993 na 1994 kwa gharama ya dola milioni 8.5. Kiyoyozi kiliwekwa kwa mara ya kwanza. Vyumba vya wasanii vilijengwa. Sehemu mpya ya mapokezi na tiketi iliongezwa ubavuni ili mambo ya biashara yasiingie ndani ya ukumbi wa zamani. Mabenchi ya mbao yalisafishwa na kurudishwa. Uamuzi wa mwisho ndio wa kusifiwa zaidi, kwa kuwa ndio uliokuwa rahisi kuukosea. Mfanyabiashara yeyote angeweza kushauri viti laini vya sponji, vyenye namba na mahali pa kuwekea kinywaji, na angetoa hoja ya starehe ya mteja. Viti hivyo vingemeza sauti na kuigawa hadhira. Mabenchi ni magumu na baada ya saa mbili mgongo hulalamika, lakini hadhira ya Ryman imebaki hadhira ya benchi. Jukwaa lilipobadilishwa tena mwaka 2012, ukingo wa mbao za zamani uliachwa mbele, pale miguu ya mwimbaji inapoikaribia hadhira.

Hapa inafaa tahadhari moja kwa wanaotaka kuiga mfano huu Afrika Mashariki. Majengo mengi ya burudani ya zamani katikati ya miji yetu ni ya sinema: Majestic ya Unguja, iliyojengwa upya miaka ya 1950 baada ya ile ya awali kuungua, na nyingine kadhaa za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ambazo Laura Fair na wengine wameandika historia ya watazamaji wake. Jumba la sinema linataka sauti itoke kwenye spika na izimike haraka, mwangwi usichafue maneno ya mwigizaji. Jumba la muziki wa vyombo linataka sauti ikae kidogo, ipendeze, ndipo iondoke. Anayegeuza sinema kuwa ukumbi wa taarabu kwa kupaka rangi na kuondoa kitambaa cheupe atapata jengo zuri la picha za harusi. Wapigaji udi na fidla hawatarudi mara ya pili. Kwa kulinganisha, Ngome Kongwe ya Unguja, ambayo tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiitumia tangu mwaka 2004, haikujengwa kuwa ukumbi wowote. Ni boma la vita lisilo na paa. Lakini kuta zake huikusanya hadhira kwa namna ambayo ukumbi wa kukodi wa hotelini hauwezi, na pengine ndiyo sababu watu husahau kwamba walioijenga walikusudia kuwazuia watu wasiingie.

Roshani na jina lake

Iwapo makala haya yangeishia hapo, Ryman ungekuwa kisa cha ushindi, na ndivyo husimuliwa katika vitabu vya wageni. Roshani inakisimulia kisa kingine. Ilijengwa mwaka 1897 kwa ajili ya mkutano wa askari wakongwe wa Shirikisho la Kusini, upande uliopigana vita kuulinda utumwa, na kwa miongo mingi maandishi yaliyoipa jina la Shirikisho hilo yalisomeka mbele yake, juu ya vichwa vya waliokaa chini. Yamekwisha kuondolewa pale. Lakini sehemu kubwa ya picha mashuhuri za enzi ya Opry zilipigwa yakiwapo, na sauti inayosifiwa inarudi kutoka katika mbao hizohizo.

Wakati uleule, ni kweli kwamba waimbaji wa Fisk Jubilee Singers, waliotoka katika chuo cha watu weusi cha jiji hilohilo na waliozitangaza nyimbo za kiroho za waliokuwa watumwa duniani kote, waliimba katika jengo hili tangu miaka yake ya mwanzo. Ukumbi mmoja uliwapokea watoto wa watumwa jukwaani na kuwaenzi walinzi wa utumwa roshanini. Historia ya DeFord Bailey inaonyesha gharama ya mapokezi ya namna hiyo. Bailey, mtu mweusi na fundi wa kinanda cha mdomo aliyeweza kuigiza treni hadi msikilizaji akaliona moshi wake, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Opry. Jina lenyewe la Grand Ole Opry lilibuniwa na mtangazaji hewani mwaka 1927 mara baada ya Bailey kupiga. Mwaka 1941 alifutwa kazi. Aliendelea kuishi Nashville akipiga watu viatu rangi. Opry ilipohamia Ryman miaka miwili baadaye, mtu ambaye kinanda chake kilitangulia jina la kipindi hakuwamo.

Kwa hiyo enzi ambayo ukarabati wa 1994 uliichagua kuwa enzi ya dhahabu, ile ya 1943 hadi 1974, inaanza baada ya Bailey kuondolewa. Charley Pride alivuka kizingiti hicho mwaka 1967 na kuimba Opry, na sanamu yake sasa imesimama nje ya jengo. Hilo ni jambo la heshima. Lakini sanamu huja baada ya mhusika kuwa salama. Swali gumu zaidi kwa mkarabati ni lile la ratiba: je, muziki uliofukuzwa unarudi kupigwa, au unarudi kuonyeshwa kwenye kabati la kioo? Ryman wa leo hupokea roki, soul, injili, blugrasi na vichekesho, na kwa kipimo hicho ratiba yake ni pana kuliko kumbukumbu yake inayouzwa dukani. Aliyesimamia ratiba, mrithi wa kazi ya Lula Naff, ameifanyia haki historia kuliko aliyeandika vibao vya maelezo.

Ukumbi ulio kando ya Harry Thuku Road

Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza wa Kenya ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Mahali ulipojengwa ni karibu na pale polisi walipowamiminia risasi wananchi waliodai kuachiwa kwa Harry Thuku mwezi Machi 1922, na mbele yake ni Hoteli ya Norfolk. Hoja ya Ngũgĩ kwamba jukwaa halina utupu haikuzaliwa maktabani. Ilizaliwa kwenye barabara hiyo. Uhuru ulibadilisha bendera, lakini kwa miaka mingi ratiba ya ukumbi ilibaki mikononi mwa walewale, na tamthilia za nje zilipata wiki ilhali za wenyeji zilihesabiwa siku.

Oktoba 1976 tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama *Mzalendo Kimathi*, ilipewa nafasi finyu kwenye jukwaa hilo. Ngũgĩ anasimulia kwamba mwisho wa onyesho hadhira ilijiunga na waigizaji katika wimbo na ngoma, ikatoka nje ikiimba kuelekea barabarani, na polisi wakaizuia. Katika maisha yote ya ukumbi ule ni vigumu kupata dakika iliyo ya kimuziki zaidi: wimbo uliukataa mpaka kati ya jukwaa na viti, kisha ukaukataa mlango. Mwaka 1982 *Maitũ Njugĩra*, mchezo uliojaa nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, ulinyimwa jukwaa hilohilo. Maelfu ya watu waliusikiliza ukiwa bado mazoezini katika Chuo Kikuu cha Nairobi, hatua chache kutoka mlango uliofungwa. Mwezi Machi mwaka huo jukwaa la wazi la Kamĩrĩĩthũ, ambalo wanakijiji walilijenga kwa mikono yao na ambako *Ngaahika Ndeenda* ilichezwa mwaka 1977 kabla ya kupigwa marufuku, lilibomolewa.

Ukarabati uliozinduliwa Septemba 2015 uliupa Ukumbi wa Kitaifa mitambo ya kisasa ya sauti na taa na sura mpya, sehemu kubwa kwa fedha za kampuni ya bia. Sifa nyingi zilizoandikwa wakati huo zilihusu vifaa. Ni sifa za haki. Fanani anayeimba chini ya paa linalovuja hadaiwi uzalendo. Lakini kwa kipimo kilichotumiwa hapa kwa Ryman, ukarabati wa Nairobi ulifanyika kinyumenyume: vifaa vilitangulia, na wimbo uliokuwa umefukuzwa ukafuata miaka saba baadaye. Mwaka 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilipanda jukwaa la Ukumbi wa Kitaifa, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, na nyimbo zilizomfanya mtunzi wake awekwe kizuizini zikaimbwa katika jengo la serikali, tiketi zikauzwa mlangoni.

Tukio hilo lilikuwa kubwa, na waliolisifu hawakukosea. Lina jambo moja la kujiuliza. Wasanii wa Kamĩrĩĩthũ walikuwa wakulima wadogo na vibarua wa kiwanda cha viatu na mashamba ya chai, wakicheza mbele ya majirani zao Jumapili alasiri chini ya jua. Katika ukumbi wa Nairobi maneno ni yaleyale na sauti imenolewa, lakini anayeyasikiliza amelipa nauli ya kufika mjini, tiketi, na usafiri wa kurudi usiku. Fanani na fani vimerudi. Hadhira ni nyingine. Nashville ilihamisha duara la ubao ikaiacha hadhira yake nyuma kwa miaka 20. Nairobi imeupokea wimbo bila hadhira iliouzaa, na mahali palipokuwa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ serikali ilijenga chuo cha ufundi.

Onyesho moja la wiki chache haliwezi kutoa hukumu juu ya ukumbi. Kinachohitaji kukusanywa na kusomwa, kwa Nairobi kama kwa Kampala na Unguja, ni ratiba za miaka kadhaa mfululizo baada ya ukarabati: lugha zilizoimbwa jukwaani, siku walizopewa wenyeji na siku walizopewa wakodishaji wa mikutano, bei ya kiti cha nyuma kabisa, na saa ambayo matatu ya mwisho huondoka mjini.